Kiharusi cha mishipa midogo: ipo dawa ya kurudisha mkono na mguu? Tuongee

MtotoWaPili:
Wakuu salaam. Mimi ni msomaji tu humu, sijawahi kufungua uzi, ila leo imebidi maana kila wiki naona swali lilelile, mtu mzazi wake kapigwa kiharusi anauliza apewe dawa gani arudi haraka, basi chini yake yanashuka majina ya dawa kumi, kila mtu na yake, na aliyeuliza anatoka hapo anakwenda kununua. Nimemuuguza baba yangu miezi minane sasa. Swali hilo nimelala nalo nimeamka nalo, nimesoma tafiti mpaka macho yanauma, nimemsumbua daktari wake kwa maswali kila tukienda kliniki, kwa hiyo naandika nilichokipata na wenye ujuzi wanirekebishe.

Kwanza aina ya kiharusi, maana tunachanganya. Mzee ana miaka 63, presha anayo kitambo, vidonge alikuwa anameza akijisikia vibaya, akijisikia vizuri anaacha. Kaamka alfajiri kwenda chooni, mguu wa kulia ukakataa. Akili timamu, anatutaja wote kwa majina, macho yanaona, ila mkono, mguu na pembe ya mdomo upande wa kulia vimelegea. CT, ile picha ya ndani ya kichwa, ikapigwa, tukaambiwa safi, tukashangilia. Kumbe CT ya mapema kazi yake kubwa ni kuangalia kama damu imevuja, kidonda kidogo inaweza isikione kabisa. Siku ya tatu MRI, picha inayoona kwa undani zaidi, ndo ikaonyesha doa, halifiki hata milimita 15, upande wa kushoto ndani kabisa ya ubongo, pale ambapo nyuzi zote za kuendesha upande wa kulia wa mwili zinapita zikiwa zimebanana. Ndo maana doa dogo vile linaangusha mkono na mguu kwa mpigo, ni kama kukata kamba nyingi pale zilipofungwa fundo moja.

Hicho ndo kiharusi cha mishipa midogo, madaktari wanakiita lakuna, yaani kishimo, kwa sababu kidonda kikikauka panabaki kishimo chenye maji. Karibu robo ya viharusi vya mshipa kuziba ni vya aina hii. Daktari C. Miller Fisher miaka ya 1960 alikaa akachunguza bongo za marehemu kwa hadubini kipande kwa kipande, akaonyesha kwamba vimishipa vile vyembamba vinakakamaa na kuziba, na karibu wote wale walikuwa na presha ya miaka mingi.

Hospitali tuliruhusiwa na mfuko wa dawa saba. Hakuna aliyekaa na sisi akasema hii ni ya nini na hii mwisho wake lini. Hilo bado linaniuma mpaka leo.

Sasa dawa. Naanza na fluoksetini maana ndo inayotajwa sana na ndo iliyonipa matumaini makubwa. Ni dawa ya sonona, lakini mwaka 2011 Wafaransa walitoa utafiti unaitwa FLAME, wagonjwa 118 ambao kiharusi kimewapooza upande, nusu wakapewa fluoksetini miligramu 20 kila siku kwa siku 90, nusu wakapewa kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa ndani, mgonjwa hajui, daktari hajui, na wote wanafanya mazoezi ya viungo. Kwenye kipimo cha kusogeza mkono na mguu chenye alama 100, waliopata dawa walipanda alama 34, wenzao 24. Jamani nilivyosoma hiyo usiku ule nililia. Nikasema kesho asubuhi naenda kumwambia daktari amwandikie mzee.

Daktari akaniambia kaa chini, kasome zilizofuata. Nikasoma. Uingereza walifanya FOCUS, watu 3127, Australia, New Zealand na Vietnam wakafanya AFFINITY, watu 1280, Sweden wakafanya EFFECTS, watu 1500. Dozi ileile, miezi sita, na walipatana tangu mwanzo kupima kwa namna moja ili wajumlishe. Majibu ya zote tatu: mtu aliyepewa dawa hakurudi kujitegemea kuliko aliyepewa kidonge kitupu. Hakuna tofauti. Sonona ilipungua kweli, kwenye FOCUS ilikuwa asilimia 13 kwa 17, lakini kuvunjika mifupa kukaongezeka karibu mara mbili, kutoka watu 23 hadi 45. Mtu mguu mmoja mzito, anaanguka kirahisi, halafu unampa dawa inayoongeza kuvunjika nyonga. Nilifunga kompyuta nikakaa kimya muda mrefu.

Naendelea chini, naomba msiruke.

MtotoWaPili:
Sehemu ya pili. Levodopa, ile dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Hadithi yake ni ileile. 2001 Wajerumani walijaribu kwa watu 53, kidonge kabla ya mazoezi kwa wiki tatu, wakaona nguvu inarudi vizuri zaidi. Dunia ikafurahi. Uingereza wakaja na DARS, watu karibu 600, wakaangalia kama watatembea wenyewe baada ya wiki nane, hakuna tofauti. Uswisi wakarudia tena na watu zaidi ya 600, majibu yakatoka 2025, hakuna tofauti.

Sitikolini, ile inayoandikwa sana na wengine wanaiita vitamini ya ubongo: ICTUS 2012, watu 2298, ukasimamishwa njiani maana hesabu zilionyesha hata wakiendelea haitashinda. Kwa haki niseme wale walikuwa wa kiharusi cha wastani na kikali, sio vidogo kama cha mzee. Pirasetamu nayo ilijaribiwa miaka ya 1990 kwa watu 927, haikusaidia.

Mnaona mtiririko? Utafiti mdogo unang'aa, mkubwa unakuja unazima. Simaanishi wale wa kwanza walidanganya. Watu hamsini au mia ni wachache mno, kiharusi kinatofautiana mtu na mtu, wakitokea kumi wa kupona haraka wakaangukia upande wa dawa basi dawa inaonekana ya miujiza. Na hiki cha mishipa midogo ndo kinadanganya kuliko vyote kwa sababu wengi wanarudi vizuri miezi ya mwanzo hata bila dawa ya kuwarudisha, kwa hiyo kidonge chochote utakachompa wiki ya pili, wiki ya sita utakipa sifa.

Mfamasia_wa_zamu:
Dada umeandika vizuri sana. Niongezee moja ambalo watu watakuuliza, ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu, alteplesi. Hiyo kweli inabadilisha mwisho wa mgonjwa, na inafanya kazi hata kwenye mishipa midogo, ila dirisha lake ni masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na lazima CT ionyeshe hakuna damu iliyovuja. Kwa aliyeamka nayo kama mzee wako saa inahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima, isipokuwa hospitali ina MRI ya haraka inayoweza kukisia kidonda kina umri gani. Kwa hiyo mtu akilegea upande usimpe chai usimlaze apumzike, usimpe aspirini kwa kubahatisha kabla ya CT. Peleka.

Baada ya hapo dawa zinabadilika kazi. Hazirudishi, zinalinda asipigwe tena.

BintiMlezi:
Samahani naomba kuuliza hapohapo kwenye kulinda. Mama yangu alipigwa miaka miwili iliyopita, na yeye walisema mishipa midogo. Anameza aspirini na klopidogreli, zile za kuzuia damu kuganda, zote mbili kila siku tangu siku hiyo. Hivi karibuni anatoka michubuko meusi mikononi hata akigusa meza. Na usiku anapewa diazepamu alale. Hii ni sawa?

Mfamasia_wa_zamu:
Dada BintiMlezi usiache kitu chochote leo, kwanza nisikilize. Mbili kwa pamoja kwa muda mfupi ni sawa kabisa kwa kiharusi kidogo. Kule China 2013 walifanya CHANCE, watu 5170, waliopata zote mbili wiki tatu za mwanzo kisha moja, viharusi vipya ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 8.2, wa aspirini peke yake 11.7. Sasa kwa miaka mingi ni habari nyingine. Upo utafiti wa SPS3 uliofanywa kwa hawahawa wa lakuna tu, watu 3020, klopidogreli ikaongezwa juu ya aspirini kwa miaka zaidi ya mitatu. Viharusi havikupungua kwa kiasi cha maana, damu kutoka ikaongezeka karibu mara mbili, na vifo vikaongezeka. Kwa hiyo swali la kumpelekea daktari ni hili: mama ana sababu nyingine ya kumeza mbili, mfano kawekewa stenti, kile kibomba cha kuzibua mshipa, kwenye moyo? Kama hana, ile ya pili ilitakiwa isimame lini? Inawezekana kabisa hakuna aliyekumbuka kuisimamisha.

Na usimwachishe mwenyewe. Ukikosea ukaacha zote mbili ndo unaalika kingine.

MtotoWaPili:
Hapo kwenye SPS3 ongezea presha, maana ndo kitu kilichonibadilisha mimi. Watu walewale waligawanywa, wengine namba ya juu ya presha ishushwe chini ya 130, wengine iachwe kati ya 130 na 149. Waliowekwa chini ya 130 damu kuvuja ndani ya ubongo ilipungua kwa zaidi ya nusu. Viharusi vyote kwa jumla vilipungua pia ingawa hesabu haikufika kiwango cha kusema ni uhakika.

Nilinunua kipimo cha mkono, daftari nikalichora mistari, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Wiki ya kwanza naona 158, 162, 149, mzee anasema yuko sawa hajisikii kitu. Nikamwonyesha lile daftari, nikamwambia baba angalia mwenyewe, huu mshale wa 162 ndo ulikupiga. Hakujibu. Ila kesho yake aliuliza yeye mwenyewe "leo ngapi". Sasa anakaa 124 mpaka 130 na hajaruka kidonge hata siku moja.

Mtaalamu_wa_viungo:
Naingia kwa upande wangu, mimi kazi yangu ni mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi kwa miaka 14. Hilo la diazepamu nalisisitiza kwa herufi kubwa kama ningeweza. Zipo dawa ambazo tunaamini zinaweza kurudisha nyuma, ushahidi mwingi unatoka kwa wanyama na kwa kufuatilia wagonjwa, lakini unaelekea upande mmoja: diazepamu na ndugu zake, haloperidoli ya kutuliza aliyechanganyikiwa, fenitoini ya kifafa. Hata ukiacha maabara, mimi nakuta mgonjwa kaletwa saa nne asubuhi, macho yamezama, kichwa kinaanguka, namwambia nyanyua mkono anasema ndiyo halafu analala. Hapo hakuna mazoezi. Mtu akiwa kifafa kimempata baada ya kiharusi atahitaji dawa, hilo la daktari, lakini dawa ya usingizi iliyoanzishwa wodini kwa sababu mgonjwa alihangaika usiku wa pili haina haja ya kumfuata nyumbani mwaka mzima.

Kitu kingine, watu wanasikia mazoezi wanadhani kumvuta mgonjwa kitandani siku ya kwanza. Hapana. Utafiti wa AVERT wa 2015, watu 2104, ulionyesha kuwanyanyua mapema sana na kwa wingi ndani ya masaa 24 kuliwafanya waje vibaya zaidi baadaye. Siku ya kwanza polepole, vipindi vifupi vifupi. Baada ya hapo ndo mnaongeza, na mnaongeza kwa kurudia kitu cha maana, kushika kikombe, kufunga kifungo, kusimama kutoka kwenye kiti mara ishirini. Mkono uliokunjwa kifuani miezi mitatu bila kutumiwa ubongo unauzoea kama haupo.

MtotoWaPili:
Mtaalamu umenigusa kwenye kifungo. Mzee wangu alikuwa mtu wa mashati, hatoki bila shati lililofungwa mpaka juu. Siku ya 19 kidole gumba kilisogea kidogo tu, mimi ndo nilikiona yeye alikuwa anaangalia pembeni. Nikamletea shati lake la zamani nikalitandaza mezani, kifungo kimoja kikubwa, nikamwambia tukipitisha hiki tunakwenda kulala. Dakika 40. Kinachomoka, kinateleza, jasho linamtoka, mkono wa kushoto unataka kusaidia nikaukalia kabisa. Kikapita nusu. Tukalala kikiwa nusu. Ila wiki ile ndo tulikuwa tumemaliza kupunguza ile ya usingizi aliyotoka nayo hospitali, robo kwa robo kama daktari alivyoelekeza, na ninaapa kabla ya hapo mtu wa kukaa dakika 40 na kifungo hakuwepo ndani ya yule mzee. Leo anafunga vyote sita, cha shingoni bado kinamtesa.

Mstaafu_mwalimu:
Wanangu mimi ndiye mgonjwa mwenyewe, nilipigwa miaka minne iliyopita, mkono na ulimi. Nimesoma uzi wote. Mnaongea sana juu ya mkono, hamjasema juu ya moyo kuzama. Mimi mkono ulirudi miezi miwili, lakini nilikaa miezi mitano sitaki kuoga, sitaki simu, sitaki wajukuu. Wakasema ni uvivu wa mgonjwa. Daktari mmoja kijana ndiye aliyeniuliza kama nalala na kama naona kesho. Akanipa dawa, ni hiyo hiyo fluoksetini mnayoisema. Haikunirudishia mkono, ilinirudishia hamu ya kuutumia. Kwa hiyo msiiandike kama ni mbaya, kuna mzazi wa mtu humu atanyimwa.

MtotoWaPili:
Shikamoo mzee. Nashukuru umenisahihisha na nakubali kabisa, niliandika kwa machungu ya matumaini yangu. Karibu theluthi moja ya waliopigwa kiharusi wanapata sonona kwa wakati fulani, na mwenye sonona anatibiwa, iwe kwa hiyo au nyingine. Nilichotaka kusema ni kutompa asiye na sonona kwa kutegemea mkono utarudi haraka. Na anayepewa, familia iangalie kuanguka, mikeka inayoteleza iondolewe, taa ya chooni iwake usiku, na damu ipimwe chumvi ya sodiamu hasa kama anameza na dawa za kukojoza maji, maana inaweza kushuka mtu akachanganyikiwa mkadhani kiharusi kimerudi.

Nampenda1:
Kwa hiyo hakuna kabisa? Mnakatisha tamaa. Si mseme tu tusubiri.

MtotoWaPili:
Hapana ndugu yangu, kuna watu wako kazini kwa ajili ya ugonjwa huu huu. Chuo kikuu cha Edinburgh na cha Nottingham, profesa Joanna Wardlaw na profesa Philip Bath, walifanya LACI-2, majibu yakatoka 2023. Watu 363 wa lakuna, mwaka mzima, dawa mbili za zamani: isosobaidi mononitrati ambayo ni ya maumivu ya kifua cha moyo, na silostazoli ambayo ni ya mishipa ya miguu. Wazo lao ni kwamba ukuta wa vile vimishipa vidogo ndo mgonjwa, umekakamaa na unavujisha, kwa hiyo watafute dawa inayoutuliza ule ukuta wenyewe badala ya kuzuia damu kuganda tu. Ya kwanza ilionekana kupunguza viharusi vipya na akili kupungua, ya pili ikaonekana kupunguza utegemezi. Silostazoli Japani wanaitumia muda mrefu, utafiti wao wa 2010 uliilinganisha na aspirini kwa watu zaidi ya 2600, viharusi vikawa vichache na kuvuja damu kukawa kuchache.

Lakini mmeona nilivyosema mwanzo juu ya tafiti ndogo. 363 ni wachache, na lengo lao lilikuwa kwanza kuona kama watu wataweza kuzimeza, zina maumivu ya kichwa mwanzoni. Silostazoli haipewi mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu, kabisa. Kwa hiyo mtu asitoke hapa kwenda kuzinunua. Nimeandika kwa sababu na mimi nahitaji kujua kwamba kuna mtu anaamka asubuhi anafikiria kile kidoa cha milimita 15.

Mfamasia_wa_zamu:
Na statini msisahau, zile za kushusha mafuta kwenye damu, mfano atovastatini, hata kama mafuta hayako juu sana, ule utafiti wa 2006 wa SPARCL watu 4731 viharusi vilipungua kwa asilimia 16. Haionekani kazi yake kwa macho ndo maana watu wanaiacha ya kwanza. Sukari na sigara najua mnajua.

BintiMlezi:
Mrejesho wakuu. Nimetoka na mama kliniki leo. Nilikwenda na dawa zote kwenye mfuko, nikazipanga mezani moja moja nikauliza hii kazi yake nini, hii mwisho lini. Daktari alipekua faili akakuta klopidogreli iliandikwa ya wiki tatu tu, mwenye kuandika upya akaendeleza na waliofuata wakaendeleza. Hana stenti. Ameisimamisha, kabakiza aspirini peke yake. Presha ilikuwa 151 kwa 88, kaongeza dozi ya amlodipini na turudi baada ya wiki mbili na namba za nyumbani. Diazepamu tunashuka nusu kidonge kwa wiki mbili kisha robo. Nimekasirika na nimefurahi kwa wakati mmoja sijui nisemeje. Miaka miwili.

MtotoWaPili:
Pole dada, na hongera maana umeuliza. Usiku wa kwanza wa kushuka atahangaika, ataamka ataita, usiogope na usimrudishie kidonge, kaa naye tu. Akianza kutetemeka au kuona vitu visivyokuwepo piga simu kwa daktari usingoje kliniki. Daftari la presha chora leo leo, asubuhi na jioni. Na mkono wake uliolegea ni upi? Kesho akiamka mpe kitana ashike kwa huo.

BintiMlezi:
Wa kushoto. Nimeshakiweka karibu na mto wake.